Twashukuru, Ila

"Mungu ni mwema!" anaita aliyeshika maikrofoni, na sisi tunajibu kabla hajameza mate, "Kila wakati!" Anaigeuza: "Na kila wakati?" Nasi: "Mungu ni mwema!" Ukilelewa kanisani hapa Malindi, jibu hilo hutoka lenyewe, kama mguu unavyozijua ngazi za nyumbani gizani. Hakuna anayefikiri. Mmoja ametoka kupigiwa simu na mwenye nyumba, mwingine ana mgonjwa wodini, mwingine hajala tangu jana mchana, na wote wanapaza sauti moja.

Mimi nami hujibu. Siandiki haya kwa kuwa nimeacha. Ni vile hilo neno "kila" limeanza kunikwama kooni, na sidhani niko peke yangu. Kwa vijana wa rika langu huku Pwani, swali la kumsifu Mungu wakati wa shida halikuja kupitia vitabu vya theolojia. Lilikuja kupitia Shakahola.

Habari yenyewe unaijua, popote ulipo, basi nitaipita haraka. Aprili 2023 polisi waliingia msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, kwenye eneo la ekari kama 800, wakakuta watu waliodhoofu kwa njaa na makaburi ya kina kifupi. Ufukuaji ukaendelea kwa miezi, hesabu ya miili ikapita 400. Wengi waliuawa na njaa. Uchunguzi wa madaktari wa serikali ulionyesha pia kwamba wengine, watoto wakiwemo, walinyongwa au walizibwa pumzi. Paul Mackenzie, aliyekuwa akiongoza Good News International Church papa hapa mjini, alishtakiwa kwamba ndiye aliyewaambia wafuasi wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Alikana. Mwaka 2024 yeye na wenzake wakasomewa mashtaka ya kuwaua watoto 191. Halafu, wakati tulidhani tumemaliza kuhesabu, mwaka 2025 yakapatikana makaburi mengine Kwa Binzaro, Chakama hiyo hiyo, na miili zaidi ya 30.

Nambari utazipata kokote. Nilichokiona mimi ni makontena ya baridi yakiletwa hospitali ya Malindi kwa vile mochari ilikuwa imeshindwa, na dawati la Msalaba Mwekundu ambapo watu kutoka pembe zote za Kenya walikuja kuandikisha majina ya ndugu zao. Nje, tuktuk zilipita kama kawaida. Jumapili ikafika, maikrofoni ikawashwa: Mungu ni mwema! Na kwa sekunde moja, mbili, kanisa letu halikujibu.

Halafu likajibu.

Sekunde hizo mbili ndizo ninazoziandikia. Ingekuwa rahisi kusema wale walipotoshwa, sisi hatujapotoshwa, tuendelee na wimbo wa pili. Wachungaji wengi walisema hivyo, na siwalaumu sana, maana walikuwa na waumini walioogopa. Lakini vipande vya mafundisho yale mimi navifahamu. Nimevisikia kwenye mimbari ambazo hazijawahi kumnyima mtu chakula: kwamba uchungu ni dalili Mungu anakupenda zaidi, kwamba kulalamika ni kumfungulia shetani mlango, kwamba anayelia sana matangani hana tumaini. Kila kimoja, peke yake, kinaonekana hakina madhara. Mtu anaweza kuishi navyo miaka arobaini akafa uzeeni, kitandani, amezungukwa na wajukuu. Ila mbao ni zile zile. Fundi ndiye tofauti.

Ukitaka kujua mahali mbao zinapoungana, angalia vijineno viwili vidogo, "kwa" na "katika". Kuna andiko la Paulo kwa Wathesalonike ambalo hutajwa kila mtu anapopatwa na jambo, lile la kushukuru. Biblia ya Union ya 1952, ambayo wengi wetu tumekulia, imeweka "kwa" pale. Kigiriki cha Paulo kina kijineno ambacho maana yake ya kawaida ni "katika". Sasa "kwa" ya Kiswahili ina mifuko mingi: naenda kwa miguu, naishi kwa shangazi, analia kwa uchungu, asante kwa chakula. Mwambie mama aliyezika ashukuru "kwa", naye atasikia ile ya asante kwa chakula. Shukuru kwa saratani. Shukuru kwa hilo jeneza dogo. Kumbe linalosemwa pale ni jambo jingine: ukiwa ndani ya hayo, usiache shukrani ikauke.

Nisikudanganye lakini. Katika waraka kwa Waefeso kuna mahali Kigiriki chenyewe kinasema "kwa ajili ya", tena mambo yote. Kwa hiyo sarufi peke yake haitatuokoa. Nitakachosema ni kwamba pale Paulo anazungumzia watu wanaoimbiana, walio pamoja, kila mmoja na kinywa chake. Hazungumzii mtu mmoja aliyesimama juu ya kaburi la mwingine akimwelekeza cha kusema.

Na makaburi yana historia ndefu katika dini yetu huku. Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la CMS la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Julai mkewe Rosine akajifungua, akafa kwa homa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Kaburi liko upande wa Nyali. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa vita vyao na sehemu hii ya dunia vimeanza. Miaka miwili baadaye alikuwa Rabai, ambayo leo iko Kilifi, akijenga kituo na mwenzake Rebmann.

Hadithi hiyo husimuliwa makanisani kama mfano wa imani, na ni imani kweli. Mume ana haki ya kuutafutia msiba wake maana, mimi ni nani nimnyime? Ila kila nikiisikia huwa najiuliza Rosine angesemaje. Mwanamke amekufa mbali na kwao, na wino haujakauka ameshakuwa bendera. Maana inaweza kumfunika marehemu haraka kuliko mchanga.

Sifa inayotoka kwa aliyefiwa, basi, naiona kitu kimoja. Sifa inayodaiwa na asiyefiwa naiona kitu kingine kabisa, hata maneno yakiwa ni yale yale. Ushahidi wangu mkubwa ni Ayubu. Sura ya kwanza amepoteza mali na watoto wote, naye analibariki jina la Mungu. Mahubiri mengi huishia hapo, tunasema amina, tunatoa sadaka. Lakini kitabu kina sura 42! Ya tatu tu, Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake, ambao kwa siku saba walikaa naye chini kimya (na hilo ndilo jambo la maana zaidi walilofanya), sasa wanaanza kumfundisha. Wanamtetea Mungu. Maneno yao, ukiyasoma bila kujua ni ya nani, yangefaa kabisa kubandikwa nyuma ya matatu. Na mwisho Mungu anawakasirikia wao. Anasema ni Ayubu aliyenena sawasawa. Ayubu yule yule aliyelaani, aliyeshtaki, aliyetaka Mungu aje wakabiliane kama watu wawili mbele ya hakimu.

Kwaya zetu zina nyimbo nyingi za sura ya kwanza. Bado nasubiri moja ya sura ya tatu. Na kama unadhani wimbo wa namna hiyo hauwezi kuimbwa mahali patakatifu, fungua Zaburi ya 88. Inaanza vibaya, inaendelea vibaya, inamalizikia gizani. Haina "hata hivyo". Waliokusanya Zaburi waliiona, wakaiacha ilivyo, wakaiweka kwenye kitabu kile kile chenye haleluya.

Upande wa pili wako rafiki zangu wa mtandaoni, ambao wengi ni watu wa Nairobi na wachache wa hapa Kilifi, karibu na chuo. Kwao suala hili lilishaisha. Kumsifu Mungu wakati umesota ni dawa ya usingizi, wanasema, masikini anaimba ili asiulize nani amemla. Wako na hoja. Ninachotilia shaka ni kama wamewahi kukaa karibu na mtu anayeimba namna hiyo kwa muda wa kutosha.

Machi 2020, ndege za nje ziliposimamishwa na hoteli za ufuoni zikafunga, shangazi yangu alikuwa amefua mashuka ya hoteli moja kwa miaka kumi na minne. Alirudi Muyeye na sare yake kwenye mfuko, bila mshahara wa mwezi huo. Wiki iliyofuata alianza kupika mahamri na mbaazi. Saa kumi alfajiri nasikia unga unakandwa na shangazi anaimba, tenzi za Kiswahili, akizimaliza anaingia za Kigiriama. Vyuo vilikuwa vimefungwa, nilikuwa nalala kwake, chumba kimoja kimegawanywa kwa pazia. Makanisa nayo yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anamlazimisha wala kumtazama. Siku moja nikamuuliza, "Shangazi, sasa hapo unashukuru nini?"

Hakugeuka hata. "Nashukuru nini? Leo sina. Namwimbia ajue bado niko, namdai."

Nikacheka, naye akacheka. Lakini ukifikiri, ni hesabu anayoijua kila mfanyabiashara mdogo. Mtu unayemdai humtukani. Ukimtukana atabadilisha njia. Unapita kwake kila asubuhi, unamsalimia kwa heshima zote, unamuuliza hali ya watoto, na nyote wawili mnajua salamu hiyo inabeba nini. Sifa za shangazi zilikuwa za namna hiyo. Hakuwa amesahau mshahara wake. Aliufuata, ofisi moja hadi nyingine, barakoa usoni, bado anaimba kwa chini. Usingizi wenu, ndugu zangu wa mtandaoni, sikuuona.

Nadhani alijifunza hayo kutoka kwa salamu za kwetu kuliko kanisani. Muulize mtu mzima wa Pwani hali yake. Atakujibu salama, njema, twamshukuru Mungu. Nyumba inaweza kuwa inavuja, atajibu salama. Jirani zetu Waislamu watasema alhamdulillahi. Kisha kuna kimya kidogo, na baada ya kimya inakuja "ila". Njema, ila mtoto hakulala. Twashukuru, ila mvua. Sijambo, ila huu mguu. Mgeni husikia unafiki hapo, kwamba watu hawa husema salama wakati si salama. Mimi nasikia mpangilio. Shukrani inatangulia kufungua mlango ili shida ipate kuingia, ikae kitini, isikilizwe. Bila ile "njema" ya kwanza, unamrushia mtu matatizo yako usoni. Na bila "ila" inayofuata, mmesalimiana tu, hamjaongea.

Kwa jinsi ninavyouelewa, msitu ule ulikuwa mahali "ila" ilipopigwa marufuku. Njaa haikuwa shida ambayo mtu anaweza kumlilia Mungu aiondoe. Iligeuzwa kuwa ibada yenyewe, na ibada huilalamikii. Nani atasema, tunamsifu Mungu, ila mtoto amekauka midomo? Huyo ndiye anakuwa amerudi nyuma. Na mara nyingine naona hata kanisa lenye feni na projekta linaweza kuipiga "ila" marufuku, kwa upole, kwa tabasamu, kwa kumkumbatia mtu katikati ya sentensi yake.

Linganisha na Habakuki, ambaye watu humtaja kama bingwa wa furaha wakati wa shida. Kabla ya kufurahi, sura yake ya tatu inataja kimoja kimoja kisichokuwepo: tini, zabibu, zeituni, chakula shambani, kondoo, ng'ombe zizini. Ukiisoma Ganze unaweza kudhani ni taarifa ya mwezi ya mamlaka ya ukame. Si mzaha. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikifeli katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na kaunti yetu ilikuwa mojawapo ya zilizoumia. Watu waliona ng'ombe wakilala wasiamke. Nabii hakufumba macho asione zizi tupu. Alihesabu kwanza. Furaha yake, ambayo mimi hata sielewi aliitoa wapi, ilikuja ikiwa na orodha kamili mkononi.

Kwenye kikundi chetu cha vijana mwenzangu mmoja aliniambia naifanya ngumu bure. Kipimo ni kimoja, alisema: hiari. Anayesifu kwa kulazimishwa ameonewa, anayesifu kwa kupenda yuko sawa, basi tuendelee. Natamani ingekuwa hivyo. Lakini watu wazima wengi walienda Shakahola kwa miguu yao. Wako walioacha kazi, walioacha nyumba, waliouza walichokuwa nacho. Hiari ilikuwepo, angalau ule mwanzo. Watoto ndio hawakuwa nayo kabisa, na kipimo cha hiari hakina la kuwaambia zaidi ya pole. Kwa hiyo kinahitajika kitu kingine, kitu ambacho hakikai ndani ya moyo wa anayesifu peke yake, kwa sababu moyo wa anayesifu unaweza kuwa na furaha huku mkono wake unazuia kikombe cha maji.

Nimekipata, au nadhani nimekipata, kwenye Samueli wa Pili, sura ya 12. Mtoto wa Daudi ni mgonjwa. Daudi anafunga, analala chini siku saba, wazee wa nyumba wanamsihi ainuke, anakataa. Mtoto anakufa. Watumishi wanaogopa hata kumpa habari. Lakini Daudi akishajua, anainuka, anaoga, anabadilisha nguo, anaenda kuabudu, halafu anarudi nyumbani anaomba chakula. Anakula. Watumishi wanachanganyikiwa. Yeye anawaeleza kwamba alifunga kwa kuwa mtoto alikuwa bado hai na huenda Mungu angemwachilia. Sasa amekufa, afunge kwa nini?

(Hadithi hiyo ina ugumu wake mwingine, kwamba mtoto anakufa kwa dhambi ya baba. Sijawahi kusikia mahubiri yaliyonitosheleza juu ya hilo, na sitajifanya ninayo yangu.)

Tazama mpangilio lakini. Anayefunga ni mtu mzima, peke yake. Anafunga ili mtoto aishi. Siku ambayo njaa yake haiwezi tena kumsaidia mtu, anaiacha. Ibada, katika siku mbaya kuliko zote za nyumba ile, inampeleka mezani. Msitu uligeuza kila kimojawapo cha hivyo juu chini: wakubwa wakawafungisha wadogo, njaa ikafanywa lango la kifo badala ya ombi la uhai, na ibada ikawa ndiyo sababu ya kutokula. Kipimo changu basi ni cha jikoni. Baada ya kusifu, je, watu wanakula? Mgonjwa anameza dawa zake? Mtoto anapelekwa kliniki? Mjane anaulizwa kodi ya nyumba ataipata wapi? Naweza kukosea kuhusu moyo wa mtu, lakini sahani naiona.

Huku kwetu kuna mfano wa zamani ambao hatuutaji vya kutosha, na nikiuwaza pamoja na Shakahola napata kizunguzungu. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya Malindi na Takaungu yalilimwa na watumwa. Baadhi yao walitoroka wakaingia bara, porini, na huko wakaanzisha makao yao. Mojawapo ni Fuladoyo, iliyokuwa kijiji cha Wakristo waliojikomboa wenyewe, wakiongozwa na Waafrika wenzao, bila mmisionari wa Kizungu kukaa hapo kuwasimamia. Kiongozi wao mmoja, David Koi, alikamatwa akauawa mwaka 1883, na wako wanaomhesabu kuwa Mkenya wa kwanza kufa kwa ajili ya Ukristo.

Sasa fikiria. Watu wanaacha miji ya pwani hii hii, wanaingia vichakani bara hii hii, kwa jina la Yesu yule yule. Wale wa Fuladoyo walienda ili waishi. Walilima. Shida walizokuwa nazo hawakuzitengeneza wao wala hawakuziita zawadi. Walizikimbia usiku, na walikofika wakamsifu Mungu kwa pumzi waliyokuwa wameiokoa. Kifo kilipowajia kililetwa na watu waliotaka kuwarudisha utumwani. Kama tunatafuta wazee wa imani wa kutufundisha kusifu ukiwa taabuni, tungeanzia kwao. Lakini uliza darasa la Jumapili lolote hapa mjini Fuladoyo ni nini. Watoto wanajua Vasco da Gama alikuja 1498. Nguzo yake iko pale ufuoni, picha wamepiga.

Rudi kwa Paulo, maana yeye ndiye aliyetuanzishia maneno haya. Yeye na Sila wako gerezani Filipi, wamechapwa, miguu iko kwenye mkatale, na usiku wa manane wanaimba. Tetemeko, milango inafunguka. Nimesikia mahubiri hayo labda mara thelathini: ukisifu, milango itafunguka. Mara ngapi nimesikia ya asubuhi yake? Sikumbuki hata moja. Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma watu waseme, haya, waachieni waende. Kimyakimya. Na Paulo anakataa kutoka. Anasema wametupiga hadharani bila kutuhukumu, sisi raia wa Roma, sasa wanataka tutoke kisirisiri? Waje wenyewe watutoe. Nao wanakuja, wanawabembeleza. Mtu aliyekuwa akiimba usiku ndiye huyo huyo anayedai asubuhi, na sioni popote anapoomba radhi kwa kudai.

Shangazi angemwelewa.

Sisi tuna ya kudai pia. Machi 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti ikasema maafisa wa usalama wa Malindi walikuwa wamepata habari mapema na hawakuchukua hatua. Mwezi huo huo ndipo familia za kwanza zilipoanza kukabidhiwa miili, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa, vipimo vya DNA vikisubiriwa. Jopo lililoongozwa na Mutava Musyimi likamkabidhi Rais mapendekezo yake Julai 2024 kuhusu kusimamia mashirika ya dini, na tangu hapo makanisa yanabishana juu ya usajili, nani awe na cheti, nani asiwe nacho. Ubishi huo una maana. Sheria inaweza kuangalia cheti, inaweza hata kuhesabu watoto wasiofika shuleni. Haitaweza kukaa kwenye kiti cha nyuma kanisani isikilize kama mtu amemaliza sentensi yake.

Hiyo imebaki kwetu, na sijui kama tunaijua kazi yenyewe. Mwaka jana kikundi chetu kilikuwa kinapanga zamu za kuongoza kusifu na kuabudu. Msichana mmoja, ambaye nitaacha kusema alimpoteza nani na vipi, alisubiri orodha ifike kwake, akasema hataimba. Si Jumapili hiyo tu, hajui mpaka lini. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza stendi ya matatu: "Sasa kama siimbi, nikae wapi?"

Kiongozi wetu alifungua mdomo akaufunga. Mtu mmoja akaanza kusema kuhusu nguvu iliyomo ndani ya sifa, mwingine akamgusa goti akaacha. Mwishowe mpiga kinanda akasema, "Kaa pale pale unapokaa. Sisi tutaimba, wewe ukae."

Jumapili alikuja na mtandio wa bluu, akakaa safu ya pili. Maikrofoni ikaita, Mungu ni mwema, nasi tukajibu. Yeye alikuwa anatazama feni. Wakati wa matangazo nikamwona anatafuta kitu mkobani, akatoa karanga kwenye karatasi, akamgawia mtoto aliyekaa kando yake, na yeye akala.